Marehemu Bigga

Mzee Eustace Pinnock aliwafundisha vijana wa mtaa wa Handsworth, Uingereza, kriketi kwa miaka thelathini ili wasiharibike mitaani. Siku klabu yao ilipowaenzi wachezaji weusi wa zamani, alikaa nyuma ukumbini.

"Tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu Bigga," alitangaza Marcia, katibu.

Mzee aliinua kichwa. Bigga lilikuwa jina alilopewa na Wajamaika wenzake enzi zake za kucheza.

"Marcia, mwanangu, nimekufa lini?"

"Babu Pinnock, nyamaza kidogo, tunaomboleza."

"Mnamwomboleza nani? Bigga ni mimi."

Watu waligeuka nyuma. Marcia alitazama picha ya zamani ya Bigga ukutani, kisha uso aliokuwa akiusalimia kila Jumamosi.

"Miaka thelathini," alisema mzee, "na hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kucheza."