Maji Hayasomi Barua ya Kazi

Siku yangu ya kwanza katika karakana moja ya meli, bandarini Bujumbura, ilidumu saa nne tu, na naisimulia mwenyewe, vijana, kabla wengine hawajawasimulia. Niliingia saa moja asubuhi na ovaroli mpya iliyopigwa pasi. Nani hupiga pasi ovaroli? Mimi Hamisi, fundi wa mageti wa mtaa wa Cibitoke! Mageti yangu yalikuwa na maua ya chuma, na mpita njia lazima ageuze shingo. Kwa hiyo tangazo la kutafuta sudere, yaani fundi wa kuchomelea vyuma, lilipobandikwa kwenye lango la bandari, sikulisoma hata nusu. Niliona neno sudere, nikaandika barua: "Mimi ni sudere wa kila namna."

Shefu, yaani mkuu wa karakana, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, hakuniuliza kitu. Alinipa bamba la chuma nizibe nalo tundu kwenye tanki la boti la mizigo. Nikachomelea. Mstari ulilala vizuri kama mshono wa kanzu, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Yeye akaagiza chaki iliyosagwa na kukorogwa na maji, akaipaka nje ya mshono, ikakauka ikawa nyeupe. Ndani akapaka mafuta ya taa kwa brashi. Mafuta ya taa yana ujanja, hupenya kitundu ambacho jicho halikioni. Doa moja likatokea kwenye chaki. Likaja la pili. Halafu, astaghfirullahi, chaki yote ikawa kama mtoto mwenye surua.

"Kijana," shefu akasema, "tangazo ulilisoma, ao ulisoma jina ya kazi tu?"

"Nililisoma, shefu."

"Apana. Geti ikitoboka, mbuzi anaingia. Boti ikitoboka, watu wanakufa. Maji haisomi barua. Enda. Siku utajua hii kazi, urudi."

Nilirudi Cibitoke kwa miguu, ovaroli kwapani. Wenzangu wa mageti nilikuwa nimewaaga kwa maneno makubwa, sasa niliwapita nikijifanya naangalia upande mwingine. Niliona haya, na bado niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Geti mtu hulifungua na kulifunga, basi. Boti huvuka ziwa na roho za watu.

Mke wangu, Mama Zuhura, alinisikiliza mpaka mwisho. Pole hakunipa. Kesho yake alikwenda bandarini mwenyewe, akanakili lile tangazo lote kwenye daftari, kisha akakaa mbele yangu na kalamu.

"Baba Zuhura, kila musitari nitakuuliza: hii umefanya na mukono yako, umeona mwengine akifanya, ao umesikia tu? Na usinidanganye. Mi siyo shefu, mi nalala na we nyumba moja."

"Uliza."

"Kuchomelea chuma yenye imelala."

"Nimefanya."

"Yenye imesimama, unapanda nayo toka chini."

"Nimefanya kidogo."

"Kidogo ni mara ngapi?"

"Haya, andika nimeona."

"Plafo?"

Plafo ni kuchomelea chuma kilicho juu ya kichwa chako, na moto unakudondokea. "Nimesikia," nikasema.

"Kusoma plani, ile muchoro ya boti?" Nikanyamaza. "Na kunyamaza pia naandika," akasema, na akaandika kweli.

Palikuwa na mstari mmoja nilioudharau: kunyoosha kwa moto bamba lililopinda. Nikasema hiyo si kitu. Akaniuliza kama wenzangu wote wanaweza. Nikafikiri. Kumbe wote walikuwa wakiniletea mimi! Kitu nilichokijua kuliko wengi sikuwa nimekiandika kwenye barua, nikaandika nisivyovijua. Vijana, kujipima ni hivyo, kuna pande mbili.

Huko Mutakura, mtaa wa jirani, alikuwepo Papa Byamungu, Mkongomani aliyetengeneza maboti upande wa Uvira kabla ya kukimbia vita. Nikamwomba anifundishe plafo. "Mutaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, "na we hautainama tu, utalala!" Akacheka mpaka akakohoa. Nililala chali chini ya vyuma vyake miezi tisa. Cheche ziliingia kwenye kola, na makovu yako shingoni mpaka leo. Kila wiki nilichomelea kisanduku cha chuma, nikakipeleka nyumbani, Mama Zuhura akapaka chaki na mafuta ya taa, akachungulia. "Bado," anasema, anarudi kwenye sufuria yake. Bado, bado, mpaka nikalichukia neno lenyewe. Siku aliponyamaza nilidhani ameona doa kubwa. Alikuwa anatafuta doa na halipo.

Tangazo lilipotoka tena, niliandika: "Chuma kilicholala, kilichosimama na plafo ninaweza, nipimeni. Kunyoosha bamba ninaweza kuliko wengi. Plani sijui kusoma." Shefu aliisoma amesimama.

"Mutu anaomba kazi na anaandika kitu hajui?"

"Ni afazali mujue mbele ya maji kujua, shefu."

Akanipa plafo. Chaki ilibaki nyeupe mpaka adhuhuri. Weee! Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni yeye tu, nikajizuia.

Nilianza ndani ya matanki, nikapelekwa kwenye mbavu za maboti. Shefu wa pili, mtu wa hasira lakini mwalimu mzuri, alinifundisha plani. Shefu wa tatu alinipa kikosi, na mwishoni nikawa mkuu wa masudere wote. Mshono wangu haukurudi karakana kwa kuvuja hata mmoja. Najisifu, ndiyo, nani atanizuia?

Leo nimestaafu, na vijana wa mtaani hunisomea kwenye simu barua zao za kuomba kazi. Wanadhani siku ya fahari yangu ilikuwa ile ya chaki nyeupe. Apana, ilikuwa ya mwisho kazini.

Tulikuwa tunamaliza boti la abiria, imebaki plafo chini ya tumbo lake. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Sikumwambia mtu. Nilijipima kwanza kwenye vipande vitatu vya chuma, na vyote vitatu vikatoa madoa. Nikaenda kwa direkta, mkubwa wa mashefu wote.

"Mzee Hamisi," akasema, "baki. Jina lako pekee linatutosha."

"Bwana direkta, jina haizibi tundu. Hiyo plafo mupe Nadine." Nadine nilimfundisha mimi, tangu hajui kushika koleo.

"Unajifukuza mwenyewe?"

"Kazi imenipita, bwana direkta. Nimeipima."

Iliniuma, sitadanganya. Nililia chooni kama mtoto. Nadine alilala chini ya boti siku mbili, na mimi sikumkaribia.

Boti liliposhushwa ziwani nilisimama ukingoni kwa kanzu safi, mikono nyuma ya mgongo, watu wasiione. Likazama kidogo, likatulia, likaelea. Nadine akageuka kunitafuta kwa macho. Nikaitoa mikono yote miwili, inatetemeka vile vile mbele ya watu wote, nikampigia makofi.