Mpiga Ngoma Asiye na Haraka

Mdogo wangu ni fundi plasta, na tangu azaliwe sijamwona akikimbilia kitu. Kazi yake safi, hilo sibishi. Lakini wenzake wakimaliza nyumba nzima, yeye bado anabembeleza ukuta mmoja. Mwaka huu ameachishwa kazi mara mbili. Hata utotoni, alipokuwa mpiga ngoma wa bendi ya shule, walimtimua kwa kuchelewesha gwaride!

Sasa, jirani yetu fundi redio ana bendi ya roki, ile wanayoiita metali nzito, ya mwendo wa taratibu, magitaa yananguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini. Alikuwa ameshajaribu wapiga ngoma tisa, wote wanakimbia na wimbo kama wamefukuzwa na mbwa. Nikamwomba amjaribu mdogo wangu.

"Dada," mdogo wangu akaniambia, "hawa nao wakinikataa, ngoma sigusi tena maishani."

Tuliitwa saa nane mchana, chumba cha mazoezi nyumbani kwa fundi redio. Bwana mkubwa akafika saa tisa, plasta imemkaukia viwikoni. Nilimfokea mpaka koo likauma.

Gitaa likaanza, zito, la chini. Mdogo wangu kanyanyua fimbo, katulia. Piga basi, wewe! Ndu! Kisha kimya. Kati ya pigo na pigo ungeweza kufunga kamba za viatu. Ila humo katikati mguu wake ulichomeka vipigo vidogo vitamu, vya kuchelewa kidogo tu, na wimbo wote ukaanza kuyumba kwa madaha. Mpiga besi, mama mmoja muuguzi, akafumba macho, meno yote nje. Na mimi, mtu wa kwaya, nikajikuta kiuno kimeitika. Jamani, raha niliyoisikia!

Mara fundi redio akainua mkono. Wote wakaacha kupiga.

Mdogo wangu akashusha fimbo. "Samahani, kaka. Nitaongeza mwendo."

"Thubutu!" fundi redio akaruka. "Uongeze mwendo uone nitakavyokufukuza! Miaka mitatu nakutafuta wewe!"

Mdogo wangu akanigeukia. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, machozi yanamchuruzika.

"Haya, tuanze upya," akasema muuguzi.

Mdogo wangu akajifuta jicho moja kwa mkono wa shati, taratibu, kisha la pili. Na sisi wote mle chumbani tukamsubiri.