Kidude cha Mwalimu Taratibu

Nyuma ya gari la shule ya udereva pameandikwa kwa rangi nyekundu: Mwendapole hajikwai. Aliyeyachagua maneno hayo ni Mwalimu Taratibu mwenyewe. Jina hilo hakuzaliwa nalo, alibandikwa na wanafunzi, maana kwa miaka ishirini na sita alikaa kiti cha abiria akilisema neno hilo hilo mpaka likamganda. Taratibu kwenye kona. Taratibu kwenye klachi. Taratibu hata kama gari limezimwa na funguo ziko mezani.

Sasa sikia mambo. Kila siku saa kumi na moja jioni mwalimu alirudisha gari la shule, akatundika funguo kwenye msumari wake, akaingia kwenye gari lake mwenyewe, dogo, la kijivu, na taratibu yote akaiacha pale pale msumarini. Alikimbiza gari yule bwana! Alikata kona matairi yakilia, akapita malori kama yamepaki, na alipofika getini kwake alikanyaga breki zikapiga kelele ya kuamsha mtaa.

Usimlaumu upesi. Hebu kaa wewe muda wa saa nane kwa mwendo wa kilomita ishirini, pembeni yako daktari wa meno anayeng'oa meno ya watu bila huruma lakini akiiona klachi anatetemeka, uone kama mguu hautakuwasha. Mwalimu aliamini kwamba mwendo wa jioni ni haki yake, kama vile mpishi anavyokwenda kula kwa jirani.

Waliokuwa hawaamini hivyo ni watu wa kamera za barabarani. Barua ya kwanza ilikuja na picha ya gari lake, namba imetoka safi kabisa. Ya pili ilikuja na picha nzuri zaidi. Ya tatu haikuhangaika na picha nyingi: akinaswa mara moja tu tena ndani ya miaka miwili, atanyang'anywa cheti cha kufundishia udereva. Leseni angebaki nayo, aendeshe atakako. Cheti ndicho kingekwenda, na bila cheti mwalimu hakuwa mwalimu wa kitu chochote.

Alikuwa na miaka hamsini na saba na hakujua kazi nyingine duniani. Kilichomnyima usingizi zaidi ni aibu. Mwalimu Taratibu amefutwa kazi kwa kukimbiza gari! Wanafunzi wangecheka mpaka wakae chini. Barua zote tatu akazisukuma chini ya kitabu cha maelekezo ndani ya gari, na mkewe, ambaye alikuwa akishona mapazia nyumbani, hakuambiwa neno.

Mtu mwenye akili angepunguza mwendo. Mwalimu alijaribu, siku mbili nzima, siku ya tatu mguu ukasahau. Lakini yeye alikuwa na akili nyingi kuliko hizo, kwa hiyo akaamua kununua kifaa.

Fundi umeme wa magari aliyesifiwa kuliko wote alikuwa na chumba chake kati ya duka la matairi na duka la vioo. Ukutani nyaya zimetundikwa kwa rangi, nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, na chini yake droo za fyuzi zenye namba. Watu walimwita Fundi Nyaya. Mwalimu alipoingia na kumwona uso, nusura ageuke. Huyu binti alikuwa mwanafunzi wake miaka tisa iliyopita, na mwalimu alimwangusha kwenye mtihani mara tatu, mara zote tatu kwa kosa moja: mwendo.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, binti yangu. Bado unaendesha?"

"Naendesha. Taratibu."

Mwalimu akakohoa kidogo, akatazama droo. "Nimekuja kuulizia vile vidude vinavyotambua kamera. Si vyangu. Vya rafiki yangu."

"Rafiki yako ana gari gani?"

"Kama hili langu."

"Na liko wapi, nilione?"

"Ndilo hili," mwalimu alisema, na huyo rafiki hakutajwa tena.

Fundi hakucheka, au alicheka kwa ndani. Alipanga mezani maboksi mawili, pembeni yake akaweka simu yake mwenyewe. Akagusa boksi la kwanza. "Hiki kinanusa mawimbi ya kamera hewani. Lakini hakichagui. Ukipita karibu na duka lenye milango inayojifungua yenyewe, kinapiga kelele. Gari jirani likiwa na vitambuzi vyake, kelele. Na askari akikiona anakichukua, sheria haikitaki."

"Toa hicho."

"Simu nayo inaweza. Unapakua programu, basi."

"Simu barabarani?" Mwalimu alishtuka kweli. "Simu inakaa kwenye begi, begi linakaa nyuma. Nimekufundisha nini mimi?"

"Umenifundisha mengi, mwalimu. Maneno yako ninayo mpaka leo."

Mwalimu alifurahi, akalipokea kama sifa. Fundi akafungua boksi la pili, akatoa kitu kidogo cheusi cha kutosha kiganjani. "Hiki hakinusi chochote. Ndani yake kuna ramani ya kamera zote zilizosimikwa, kinajua ulipo kwa setilaiti. Ukiikaribia kamera na umezidisha mwendo, kinakuambia. Usipozidisha, kinanyamaza. Sheria haina ugomvi nacho."

"Na askari aliyejificha kichakani na kamera yake ya mkononi?"

"Huyo hakimjui."

"Sasa dawa yake?"

Fundi alimtazama usoni. "Dawa yake unaijua, mwalimu. Uliniambia mara tatu."

Mwalimu akakichagua hicho. Kazi ilianza, na mwalimu, kwa mazoea, akajikuta amekaa kiti cha abiria, mkono wake uko karibu na breki ya mkono, gari lenyewe likiwa limezimwa. Fundi alisafisha kioo cha mbele kwa spiriti, akapima kwanza kama kioo hakina utando wa kuzuia jua, maana utando ule wengine huuwekea madini na kidude kikawa kiziwi. Akakibandika nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali kisipomziba dereva macho. Kisha akaanza kuusukuma waya kwa kidole chini ya kitambaa cha dari, kidogo kidogo, kuelekea mlangoni.

"Si uushushe tu hapo juu ya nguzo ya mlango?" mwalimu aliuliza. "Dakika moja umemaliza."

"Humu ndani kuna mfuko wa hewa, ule wa kukukinga ajalini. Siku ukifumuka na waya umepita juu yake, waya unakuja na mfuko usoni." Alifungua kifuniko cha nguzo, akaupitisha waya nyuma kabisa ya mfuko, akaufunga kwa vikamba. "Unaharakia wapi, mwalimu?"

Fundi alitafuta kwenye sanduku la fyuzi ile inayoamka gari likiwashwa na kulala likizimwa, asije mtu akakuta betri imekufa asubuhi. Waya wa pili akaufunga kwenye bolti ya bodi, akiikwangua rangi kwanza mpaka chuma kikang'aa. Saa moja na robo ilikwisha hivyo, bila hata skrubu moja kuanguka, na mwalimu alikiri moyoni kwamba huyu binti ana mkono.

"Sasa sauti," fundi alisema. "Kuna ya mwanamke mpole, kuna ya mwanamume mpole, kuna kengele. Au naweza kuweka nyingine kwenye kadi yake."

"Weka yoyote itakayonifanya nisikie. Wapole mimi siwasikii."

"Basi nitakuwekea ya mtu unayemwamini." Akaingia ndani na kikadi, akakaa huko muda, akatoka akiwa amebana midomo.

Kesho yake saa kumi na moja jioni mwalimu aliingia barabara ya mzunguko akiwa na furaha ya mtoto mwenye viatu vipya. Barabara nyeupe, imenyooka. Mguu ukashuka wenyewe. Kibao kilisema sitini, mshale ukasoma sabini, themanini, tisini na tano. Mbele, baada ya daraja, palikuwa na nguzo ya kijivu ambayo hakuwahi kuiona, yenye kamera juu yake.

Kidude kikalia mlio mfupi. Kisha sauti ya mwanamume, kubwa, kali, ikajaa gari zima:

"We binti! Unakimbilia wapi? Huko mbele wanagawa nini? Hebu utie adabu huo mguu!"

Mwalimu alikanyaga breki kabla hajafikiri. Aligeuka kutazama kiti cha nyuma kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Nguzo ya kijivu ikampita akiwa na hamsini na nane, kimya, na cheti chake kikabaki mfukoni. Ndipo alipoitambua sauti. Ilikuwa yake.

Aliingia kituo cha mafuta, akazima gari, akatoa simu kwenye begi la nyuma.

"Fundi! Umeniwekea nini humu?"

"Mtu unayemwamini, mwalimu."

"Ananiita binti!"

Upande wa pili fundi alicheka mpaka akakosa pumzi. Alipotulia alieleza. Siku zile, akishika usukani, woga ulimfutia kila alichofundishwa, kwa hiyo alirekodi masomo kwenye simu na kuyasikiliza akichomelea nyaya. "Ulinikalipia sana, mwalimu. Lakini sijawahi kupata ajali hata moja. Ukitaka niibadilishe, njoo kesho."

"Nitakuja kesho!" mwalimu alisema, akakata simu kwa hasira.

Lakini hasira ilimwisha kabla hajatoka kituoni, ikabaki haya. Ile sauti ilikuwa na haki. Kwa miaka tisa binti wa watu alikuwa akiyatunza maneno yale kama dawa, na aliyeyasema alikuwa akiyatundika msumarini kila jioni. Alitoka barabarani kwa mwendo wa sitini, akapitwa na malori, akapitwa na kijana wa pikipiki aliyembebea mama mmoja kabati. Aliona mambo ambayo hajawahi kuyaona njia ile: duka la kinyozi, ua wa miba uliochanua, shule ya watoto wadogo. Shule hiyo ilikuwepo tangu lini?

Aliingia getini bila breki kulia, akafungua mlango wa nyumba.

Mkewe alikuwa amesimama dirishani, pazia la mteja mkononi, cherehani imezimwa. Alipomwona mlangoni aliruka.

"Umefika saa ngapi wewe? Mbona sikusikia breki?"

"Nimekuja taratibu tu."

Mkewe akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, akaweka mkono kifuani. "Ungeniambia basi! Kila siku ikifika saa kumi na moja na nusu nazima cherehani nisikilize. Nikisikia zile breki zako getini najua umefika mzima, nawasha tena. Leo dakika zinapita, breki hakuna. Nilishaanza kutafuta kanga yangu nitoke barabarani."

"Kila siku?"

"Kila siku, mume wangu. Miaka yote hii."

Mwalimu alisimama pale asijue mikono aiweke wapi. Alikuwa akidhani breki zile ni za kujifurahisha yeye peke yake. Iliuma, tena sana. Alirudi garini, akainua kitabu cha maelekezo, akaja na barua zote tatu akaziweka juu ya pazia. Mkewe alivaa miwani, akazisoma moja moja hadi mwisho, akamfokea kwa dakika kumi bila kurudia neno, naye akasikiliza zote. Halafu mwalimu akamwomba aje garini asikilize kitu, akabonyeza kitufe cha kujaribia sauti. Aliposikia "We binti!" mama wa watu alishika mlango wa gari, akacheka hadi machozi, akaomba kirudiwe.

Asubuhi mwalimu alikuwa wa kwanza kwa Fundi Nyaya, hata kufuli ya duka la matairi haijafunguliwa.

"Nimeshatayarisha ile sauti ya mwanamke mpole," fundi alisema, akikwepa macho yake.

"Iache hiyo. Hii hii inatosha."

"Hata hilo neno binti nisilikate?"

"Usikate kitu. Nilikuja kwa jambo lingine. Kinaweza kuongea mahali ninapochagua mimi?"

"Kinaweza. Unanionyesha kwenye ramani, naweka alama na mwendo unaoutaka."

Mwalimu alivaa miwani, akaisogeza ramani kwa kidole, akapita barabara ya mzunguko na daraja. Akaweka alama kwenye shule ya watoto. Kisha akakata kushoto, akaingia mtaa mdogo, akasimama kwenye nyumba ya tatu.

Fundi alikaza macho. "Hapo ni getini kwa mtu, mwalimu. Hakuna kamera hapo."

"Najua hakuna," alisema. "Kuna mtu anasikiliza."