Munyu wa Kukhu na Mpenzi wa Chakula wa Shumaisi

Rafiki yangu, dunia ina watu wa kila aina, lakini anayenimaliza mimi ni yule anayekihutubia chakula badala ya kukila. Na Mungu, kwa hekima yake, akaniletea mmoja hadi kitanda cha pili, hapa Shumaisi, Riyadh, katika chumba tunachokaa madereva wanne Wakenya. Alihamia kutoka Jeddah, alikokuwa akiendesha gari la familia moja mtaa wa Safa, na tangu ashushe begi hatujapumua. Jeddah samaki ni wa leo, Riyadh mnakula barafu. Jeddah wali una harufu, huku mnatafuna mchanga. Kwenye simu yake, chini ya picha, ameandika kwamba yeye ni mpenzi wa chakula. Nilimuuliza kama amewahi kukutana na adui wa chakula. Akacheka, akaendelea kupiga picha chapati yangu.

Ijumaa moja zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nikaleta mafungu matatu ya mulukhia kutoka kwa muuza mboga wa kona, majani yale yale ambayo kwetu magharibi mwa Kenya tunayaita mrenda. Nikakaa chini kuyachambua. Ule utelezi ulipoanza kushika vidole, nikajikuta sipo tena Riyadh, nipo kwenye jiko la nyanya yangu, kukhu kama tunavyomwita sisi, nimechuchumaa kando ya mawe matatu. Hapo hapo mkono wenye simu ukapita juu ya bega langu.

"Wasee, leo tuko na mulukhia, Kenyan style. Kama mnavyojua, mimi ni foodie..."

"Toa simu kwa sufuria yangu."

"Bro, si ni video tu."

"Mafi video. Halas," nikamkatia kwa Kiarabu chetu cha madereva: hakuna video, basi.

Utaniona mkali bure, lakini nisikilize kwanza. Mama yangu alikuwa mwalimu shule ya mbali, akaniacha kwa kukhu nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Kwa kukhu, kufunua sufuria kabla ya wakati lilikuwa kosa kubwa kuliko kupoteza kalamu ya shule. "Chakula huliwa, hakisemwi," alikuwa akituambia, na mwiko uko mkononi. Mgeni aliyesifu mboga mara moja alishukuriwa. Aliyesifu mara mbili, akishaondoka tu, kukhu alisema kwao hawapiki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kukhu hakutaka kujaribiwa. Kwa hiyo mwanamume mzima mwenye ndevu akijitangaza mpenzi wa chakula, mimi huona haya kwa niaba yake na kwa niaba ya mama yake.

Kazi yangu kwa kukhu ilikuwa munyu. Hiyo ni chumvi yetu ya majivu, ile inayolainisha mrenda na kuupa ladha yake. Maharagwe yakishapurwa, kukhu alikusanya maganda makavu akayachoma nyuma ya jiko, na moshi wake ulinata kwenye sweta yangu hadi mwalimu akanihamishia dawati la dirishani. Majivu yakipoa, niliyatia kwenye kopo kuukuu la mafuta lililotobolewa chini kwa msumari, nikamimina maji pole pole, nikakaa kusikiliza matone yakianguka kwenye bakuli. Nilichukia kazi ile. Wenzangu walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi, mimi nalinda kopo.

Sasa, wiki moja baada ya ugomvi wa video, dada yangu mdogo akapiga simu. Mama ametoka hospitali, akasema, lakini hali chakula. Dawa zimemharibia mdomo, kila kitu anasikia kichungu, na kila sahani anaisukuma. Amezidi kukonda. Kitu kimoja tu ametaja kwa mdomo wake, mrenda wa kukhu. Dada alikuwa ameupika kwa magadi ya dukani, mama akaonja na kugeukia ukuta.

"Kaka, wewe ndiye ulikaa na kukhu. Mimi nilizaliwa ameshakufa. Munyu alikuwa anaweka kiasi gani?"

"Kiasi," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha."

Nilijikasirikia, rafiki yangu, sikufichi. Miaka yote ile kando ya kopo, na jibu langu kwa mama anayekonda ni neno moja lisilo na maana. Nilifundishwa kukinyamazia chakula nikafaulu mtihani.

Mpenzi wa chakula alikuwa amekaa kitandani kwake, amesikia yote. Akaanza. Maharagwe gani? Maji ya moto ama baridi? Yalitoka rangi gani?

"Wewe ni polisi?"

"Jibu tu, bro. Rangi gani?"

"Kama strungi, chai isiyo na maziwa."

"Chumvi ya maji ya kwanza ama ya pili?"

Nikafungua mdomo kumtukana, jibu likatoka lenyewe. Ya kwanza ni kali, kukhu aliiweka kwenye chupa. Mrenda ulipikwa kwa ya pili. Kumbe nilijua. Nilijua hata maji lazima yawe baridi, hata nyasi za kuziba matundu ya kopo. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Na alijuaje imefika?"

Hapo nikamwona kukhu ameinama, kidole kimelowa. "Toa ulimi," alikuwa akisema. Nikifumba jicho moja, aliongeza maji. Nikifumba yote mawili, alimwaga tukaanza upya. Nikimeza tu, alisema haya, akamimina kwenye sufuria. Hakutaka nimwambie neno. Kipimo chake kilikuwa uso wangu, na uso wangu uko Riyadh, na ruhusa ya bosi ni mwakani.

Basi nikashika simu, nikafanya nilichokuwa nikikicheka. Nilimweleza dada kuchoma maganda na kuchuja maji ya pili, kisha nikamzungumzia chakula kwa dakika tano nzima. Inaanza na chumvi, nikamwambia, halafu inawasha ncha ya ulimi kidogo, kama nanasi, halafu inateleza. Ikifika kuteleza kama sabuni, umekosea, ongeza maji. Sauti yangu mwenyewe ilinitia aibu. Jirani yangu wa kitanda cha pili hakucheka. Simu yake ilikuwa kitandani, imelala kifudifudi.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, nikiwa nimeegesha gari namsubiri madam nje ya duka. "Amekula. Nusu sahani, na ugali. Ameuliza ni nani amekumbuka." Nililia kwenye gari la watu, kiyoyozi kikinipuliza usoni.

Jiko la kukhu lilibomolewa zamani, kopo lilienda na vyuma chakavu, na pale palipochomwa maganda sasa pana choo cha mpangaji. Mpenzi wa chakula bado yupo kitanda cha pili, bado anasema Riyadh tunakula mchanga, na jina lile alilojipa bado linanikera. Ila simtukani tena. Kukhu hakuwahi kujiita chochote, wala hakutuacha tumwite, na ilibaki kidogo tu aondoke na munyu wake wote.