Samaki wa Kuchimbwa kwa Jembe

Shuleni Nachingwea mwalimu alitufundisha kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wako makundi matano: samaki, vyura na jamaa zao, watambaao, ndege, na wanyonyeshao. Niliyakariri nikajiona nimeimaliza dunia. Kisha nikaolewa kwa watu wa Mbwemkuru, nikajifungua mtoto wangu wa kwanza wakati wa kiangazi, na maziwa hayakutoka. Mimi wa kundi la tano, sina cha kunyonyesha! Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Mwanzoni mtoto alilia kwa nguvu, halafu sauti ikaanza kufifia, na hapo ndipo mama mkwe alipoacha kunitania. Alinikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa mtama, akanipikia kila jani alilolijua. Alichokitaka hasa ni supu. Lakini kuku wa kijiji kizima walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa mdondo, na mto ulikuwa mchanga mtupu.

Baba wa mtoto, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye matrekta ya mashamba ya karanga, alichukua jembe akaenda kwenye bwawa lililokauka. Akarudi na bonge la udongo mgumu, akaliweka kwenye karai na kulimwagia maji. Udongo ulipolainika, kitu kirefu cha rangi ya matope kikajinyoosha, kikainua mdomo juu ya maji na kuvuta pumzi kwa sauti. Alikuwa kambare mamba.

"Samaki gani huyu wa kuchimbwa kwa jembe?" mama mkwe aliuliza. "Analala shimoni, anapumua kama mie. Huyu ni nyoka, na nyoka haliwi nyumbani kwangu."

"Mama, ana mapezi."

"Hizo kamba zinazoning'inia ndizo mapezi?"

Wakanigeukia mimi msomi. Kwa somo langu, samaki hupumua kwa matamvua, humo humo majini. Mwenye kuvuta hewa si samaki. Elimu yangu yote ilikuwa upande wa mama mkwe, nami roho yangu ilikuwa kwenye supu.

"Sijui ni nani," nikasema. "Najua ana nyama."

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabuni kwamba samaki wa namna ile ni ndugu wa karibu wa wale ambao vizazi vyao vilitoka majini, na kwamba vyura, mijusi, ndege na sisi wenyewe ni ukoo mmoja nao. Nilipomweleza mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo maana alifanana na watu wa kwenu," alisema.

Siku ile hakucheka. Alikataa hata kutoa chungu chake. Mwanawe alimchinja kambare mamba kwa bismillahi, akisema kama ni samaki hakuna kilichoharibika, na kama ni mnyama keshachinjwa.

"Na kama ni nyoka?" mama mkwe akauliza.

Supu ikapikwa nje kwenye debe, ikaletwa kwenye bakuli. Mtoto alikuwa kifuani kwangu akivuta bila kupata kitu. Nikanyoosha mkono, mama mkwe akaliwahi bakuli. Nilidhani anakwenda kuimwaga, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayafai kuandikwa.

Akakaa mkekani, akafumba macho, akanywa mpaka nusu. Akatafuna na kipande cha nyama, mwili mzima ukimsisimka kwa kinyaa. Halafu akaniambia ningoje. Tukangoja hadi jua likapungua ukali, yeye kashika tumbo, anajisikiliza.

"Mie nimeshazeeka," akasema hatimaye, akinipa iliyobaki. "Lakini mume wangu," ndivyo alivyomwita mjukuu wake, "akikukosa wewe atanyonya kwa nani? Kunywa, mwanangu."

Nikanywa huku machozi yakinitoka. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyompenda mtu yeyote siku ile, hata mwanawe. Asubuhi yake, mtoto aliposhika titi, nilimsikia akimeza, nikamwita bibi yake aje asikilize.