Ghadhabu Niliyoiandika Mimi

Miaka ya themanini nilikuwa nikiwaandikia watu barua kwa taipureta nje ya posta, Kisumu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa Kiswahili changu cha shule. Mama Akinyi wa Nyalenda, ambaye hakujua kusoma, aliniambia, "Andikia baba yake Akinyi, mume wangu, yuko Asembo Bay. Sema nimekasirika kidogo, amekaa sana. Mtoto anamuulizia."

Kukasirika kidogo! Niliona maneno hayo hayana uzito. Nikaandika, "Nimejaa ghadhabu juu yako," neno ambalo kanisani kwetu lilikuwa la Mungu peke yake, siku anapochoma miji. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Miezi minne mume hakukanyaga nyumbani. Mwishowe Mama Akinyi alimfuata mwenyewe, wakaja wote wawili mezani pangu.

"Bwana," mume akasema, akinipa ile barua iliyochakaa kwa kukunjwa, "mama anasema hajawahi kuwa na ghadhabu na mimi. Msomee."

Nikasoma barua yote hadi mwisho. Mama Akinyi akashika mdomo.

"Ghadhabu? Kwani mimi ni Mungu?"

Kisha akainamia karatasi asiyoweza kuisoma, akaniuliza polepole, "Na pale nilisema mtoto anamuulizia, uliandika wapi?"