Bi Zuhura Alitaka Kwenda Hija Bila Deni

Siku yangu ya kwanza kazini, tawi la Temeke, mkuu wa mikopo alinirundikia mikataba ya nyumba mezani. "Mwezi huu huoni mteja. Soma." Nilinuna. Nilikuwa na suti mpya na nilitaka watu waione.

Humo ndimo nilimojifunza riba inayobadilika: hupanda na kushuka kufuata soko, na benki huipitia kila mwaka. Anayemaliza mkopo kabla ya muda hutozwa ada, kwa kuwa anaikosesha benki riba iliyokwisha kuipigia hesabu. Wateja waliiita adhabu, nami siwalaumu. Kuadhibiwa kwa kulipa deni!

Nilihamishiwa Mwenge, kisha nikarudi Temeke nikiwa afisa mwandamizi. Ndipo akaja Bi Zuhura, muuza khanga wa Kiwalani aliyejenga kwa mkopo wetu. Alikuwa ameuza kiwanja ili aende Hija, na hakutaka kuondoka akidaiwa, tena deni la riba. Nikapiga hesabu. Ada ingemega nauli yake.

"Kwa hiyo nichague, mwanangu? Niende na deni au nibaki?"

"Usilipe leo, mama. Riba inapitiwa mwezi ujao. Ikibadilika, mkataba unakupa siku thelathini za kulipa bila ada."

Alinikazia macho. "Benki inakataa hela?"

Meneja wa tawi aliposikia aliniita. "Wewe unamfanyia kazi nani, sisi au yeye?"

"Kifungu tumekiandika sisi wenyewe, bosi."

Akacheka. "Haya. Barua ikitoka, aje siku hiyo hiyo."

Wiki zile nililala kwa shida. Riba isipobadilika je? Bi Zuhura naye alinipigia simu: "Wanangu wanasema umenipiga changa la macho." Barua ilipotoka, riba ilikuwa imepanda. Wateja wote walinung'unika, isipokuwa mmoja aliyepiga kigelegele ndani ya benki.

Sasa nimestaafu, naishi Mbezi Luis. Vijana wanaokuja kuniuliza nawaambia: kabla ya kusaini, ulizeni ada inakoma lini, na riba ikibadilika mna haki gani. Siku hizi wengi wanakuja wameshauliza, na moyo wangu unafurahi.

Mwaka ule, kabla ya kusafiri, Bi Zuhura alikuja kutuaga na kuomba radhi, dirisha kwa dirisha. Akaishia kwangu. "Kuna mtu ananidai hapa, mwanangu?"

Nikajibu kwa niaba ya benki nzima: "Hakuna, mama. Nenda."